Ekseli ya nyuma ya Mustang ya 1966: inchi 8, inchi 9 au 8.8?

Farasi66 anauliza:

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninamiliki Ford Mustang ya mwaka 1966 iliyotoka kiwandani na injini ya silinda 6. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliipachika injini ya V8, ile ya 302 (ukubwa wake kwa inchi za ujazo), pamoja na giaboksi ya gia 5, lakini nyuma hakugusa kitu, kwa hiyo bado kuna ekseli ile ile ndogo ya inchi 7.25 (kipenyo cha kraunwili, ile gia kubwa ndani ya difu) yenye rimu za nati 4. Kwa miezi kadhaa difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu, imekuwa ikivuma kila ninapoondoa mguu kwenye pedali ya mafuta nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Juzi niliimwaga oili yake: ilitoka ya kijivu, ikimetameta kama rangi ya fedha, na chini ya beseni nikaokota kipande cha jino chenye ukubwa wa punje ya mchele.

Sioni sababu ya kuifufua. Ninaweza kupata ekseli ya inchi 8 ya Mustang yenye V8, ya inchi 9, au ya inchi 8.8 iliyotolewa kwenye Ford Explorer ya 1998 ikiwa na breki zake za diski. Gari ni la matembezi, silipeleki mashindanoni. Ningependa kujua ipi inafaa, na ni vitu gani vingine nitalazimika kubadilisha.

ChumaChaZamani anajibu:

Mkuu, kabla ya kufikiria nguvu, chukua futi ya kupimia. Pima kutoka uso wa ngoma ya breki ya kushoto, pale rimu inapokaa, hadi uso wa ngoma ya kulia. Ekseli ya inchi 8 ya Mustang za 1965 na 1966 ina upana wa inchi 57.25, yaani takriban milimita 1,454, lakini za kuanzia 1967 hadi 1970 zina inchi 59.25, na muuzaji akikuambia tu kwamba "ni ya Mustang" hajakuambia lolote. Inchi 2 zinazozidi zinatosha kabisa kufanya tairi likwaruze ukingo wa bodi kila unapopita kwenye bonde ukiwa na abiria nyuma.

Kwa matumizi uliyoyataja, mimi ningechukua ya inchi 8. Inaingia bila kukata chuma, vikalio vya springi viko mahali pake, na kiini chote cha difu hutolewa kwa mbele kikiwa kizima, kwa hiyo fundi anaweza kukipanga mezani badala ya kulala chini ya gari. Ya inchi 9 hutolewa vivyo hivyo na ina nguvu zaidi, ila ni nzito, na pinioni yake (gia ndogo inayoizungusha kraunwili) imeshushwa sana chini ya kitovu cha kraunwili, jambo linaloongeza msuguano na kula sehemu ya nguvu ya injini. Kwa 302 ya kawaida utakuwa unabeba uzito usiokusaidia kitu.

Angalia pia uwiano, yaani shafti ya propela inazunguka mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja, maana ekseli nyingi za inchi 8 za miaka hiyo zilitoka na uwiano mrefu kama 2.80 au 3.00. Tairi la 205/70 R14 lina mzingo wa takriban mita 2.02, hivyo kwa kilomita 100 kwa saa huzunguka mara 825 kwa dakika. Iwapo uwiano wa gia yako ya 5 ni 0.68, difu ya 2.80 itaishusha injini hadi mizunguko kama 1,570 na utajikuta gia hiyo huitumii kamwe, lakini kwa 3.55 unapata karibu 2,000, ambayo ni safari tulivu.

MchomeleajiMzee anajibu:

Ninamheshimu aliyetangulia, lakini 8.8 ameiacha bila kuitendea haki. Ya Explorer ina shafti zenye meno 31, rimu zake ni za nati 5 kwa nafasi ile ile ya milimita 114.3 inayotumiwa na Mustang za V8, na uwiano wa 3.55 au 3.73 ni rahisi kuupata. Tatizo lake ni mrija wa kushoto unaofunika shafti, ambao ni mrefu kuliko wa kulia. Dawa inayojulikana ni kuukata kwa takriban inchi 3, kisha kuweka shafti fupi ya upande wa kulia pande zote mbili, na hapo pinioni nayo inasogea karibu na katikati ya gari.

Huo si ukataji wa kufanya kwa macho. Mirija hunyooshwa kwa fimbo nene ya chuma inayopita ndani ya vikalio vya beringi, na uchomeleaji hufanywa vipande vifupi vifupi kwa kupishana pande, ukiacha chuma kipoe chenyewe. Niliwahi kuharakisha kazi kama hii nikachomelea upande mmoja wote kwa mkupuo, na asubuhi fimbo iliyokuwa ikiteleza kwa kidole ilikataa kutoka hata kwa nyundo.

Vikalio vya springi navyo vishikizwe kwa nukta chache tu za kuchomelea hadi gari lisimame kwa uzito wake lenyewe. Ikiwa mkia wa giaboksi umeinama nyuzi 3 kwenda chini, pua ya difu inapaswa kuinuka nyuzi 3 ili iwe sambamba nao, kisha uipunguze nyuzi 1 au 2, kwa kuwa springi za bapa hujikunja unapokanyaga mafuta na kuinyanyua. Ukikosea hapo, gari litatetemeka na utabadilisha krosi (viungio) za propela mara kwa mara bila kujua kosa liko wapi.

Farasi66 anajibu:

Nawashukuru wote wawili. Lililonivutia zaidi kwenye 8.8 ni zile diski. Je, breki za mbele ninaweza kuziacha kama zilivyo kwa sasa, za ngoma?

BrekiKwanza anajibu:

Hapana, ndugu yangu, usifanye hivyo. Ukifunga breki kwa ghafla, uzito wa gari hukimbilia mbele na nyuma hubaki jepesi. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kwanza, gari hugeuka mkia mbele. Diski za nyuma pamoja na ngoma ndogo za mbele za gari la silinda 6 ni kuukaribisha mzunguko huo. Isitoshe, Mustang ya 1966 ina silinda kuu (pampu ya oili ya breki) yenye njia moja, ambapo bomba moja likipasuka unapoteza breki zote. Weka yenye njia mbili, na uhakikishe kwamba njia ya diski haina ile vali ya ngoma inayobakiza shinikizo la takriban psi 10, kwa sababu pedi zitakuwa zinakwaruza safari nzima hadi rimu zipate moto.

Hata ukichagua ya inchi 8, nyuma utakuwa na nati 5 na mbele nati 4, kwa hiyo spindeli na habu za mbele, yaani vyuma vinavyobeba magurudumu, lazima zibadilishwe. Na tairi la akiba usilisahau. Wengi hulikumbuka siku ya pancha.

Farasi66 anajibu:

Nimepima leo ekseli ya inchi 8 niliyokuwa nimeionyeshwa: imetimia inchi 57.25 na magamba ya kutu. Nimeichukua, na kiini chake kitapangwa upya kwa uwiano wa 3.55. Haitafungwa kwanza, kwani nimeagiza spindeli za V8, diski za mbele na silinda kuu ya njia mbili, na hadi vifike gari litabaki juu ya stendi. Tairi la akiba, nimelitazama, lina matundu 4.