Kuachwa katikati ya mechi na adhabu za watoro: tupeane uzoefu

Wakuu, uzi huu ni kwa wote tunaocheza gemu za timu mtandaoni. Adhabu kwa wanaotoka kabla mechi haijaisha naziunga mkono kabisa, ila nyingi humwangalia aliyekimbia na kuwasahau waliobaki. Naanza na yangu.

Kwenye gemu yangu kundi la danjeni (ngome ya maadui mnayoingia pamoja) ni watu watano: tanki anayebeba mapigo, mponyaji, na wapigaji watatu. Mimi mponyaji. Juzi tumefika kwa bosi (adui mkuu) wa pili, tukafa wote. Mara moja tu! Tanki hakuandika hata neno, jina lake likageuka kijivu, kaondoka. Sasa matanki ni wachache, foleni ya kumpata mwingine haiendi, na ukichoka kusubiri ukatoka, mfumo unakuhesabu na wewe mtoro. Mpigaji mmoja akaandika: "Mtoto wangu anaamka muda wowote, nifanyeje?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tumesimama mlangoni kwa bosi, mwenzetu huko anatumikia dakika zake na zikiisha anaingia kundi jingine. Yule mama mwishowe akatoka, akafungiwa sawasawa na tanki. Hilo ndilo lililoniuma. Kwenu ikoje?

MPONYAJI_WA_USIKU: Pole sana mkuu. Mimi niko Final Fantasy XIV. Ukijitoa kundini hupangi foleni tena kwa dakika 30. Lakini kuna kura ya kuacha kwa pamoja. Ikipita, mnatoka wote bila adhabu. Mara nyingi imetuokoa. Mtu anaiitisha, tunaagana vizuri, kila mmoja anaendelea na mambo yake. Huyo mama angekuwa salama.

NJIA_YA_KATI: Dota 2 nayo inajitahidi. Mtu akikatika, mechi inaweza kusimamishwa kumsubiri. Akipoteza jumla ya dakika 5 nje, anahesabiwa kaitelekeza, na waliobaki wanaambiwa wako huru kuondoka. Mtoro akirudia rudia anapelekwa foleni ya daraja la chini, na kule hatoki kwa kukaa tu, lazima ashinde mechi alizopangiwa. Rafiki yangu alipelekwa huko, akakuta timu imejaa watoro wenzake. Kila mtu anataka atoke, hakuna anayethubutu kukimbia!

UMEME_UMEKATA: Naomba niwasemee wa upande wa pili. Counter-Strike ina ngazi: kosa la kwanza unazuiwa dakika 30, linalofuata saa 2, kisha saa 24, kisha siku 7. Kwangu umeme ulikatika tukiwa raundi za mwisho tunaongoza. Uliporudi mechi imeisha, nimefungiwa. Wiki ileile ukakatika tena, nikapanda ngazi. Seva inaona muunganisho umepotea tu, haijui kama nimechomoa waya kwa hasira au nyumba nzima iko gizani. Ndiyo maana nazipenda ngazi kuliko adhabu moja kubwa ya mara ya kwanza: mwenye bahati mbaya anaumia kidogo, mwenye tabia ndiye anayefika juu. Na ukikaa vizuri, unashuka taratibu.

Mleta mada: @UMEME_UMEKATA hapo umenigusa. Ngazi nazikubali. Ila nusu saa kwa tanki aliyetuharibia watu wanne bado naiona ndogo, hata kama ni mara yake ya kwanza.

TANKI_MZEE: Wadau, mnaowasahau ni wale wasiotoka. Kwenye gemu yetu anayefukuzwa kwa kura haadhibiwi, anayejitoa ndiye anayeadhibiwa. Basi mtu asiyetaka kuendelea anasimama kona ileile, hapigi, hajibu, anasubiri sisi tumfukuze ili aondoke safi. Jana mmoja alikuwa anazungukazunguka nguzo kila dakika ili mfumo usimwone kalala. Tukapiga kura tukamtoa, na sekunde hiyohiyo kaingia foleni nyingine. Tusingemtoa, tungempigania bosi mzima na mwisho apate mgao kama sisi. Kama kuna mdau ambaye gemu yake imeweza kuwanasa hawa bila kumwonea mtu ambaye mtandao wake unasuasua, aje atueleze inafanyaje.