Naomba ushauri: kuwaandaa wahadhiri wa chuo (Pemba) kusomesha mtandaoni, nianzie wapi?

Mratibu_Chake

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Niko chuo kimoja hapa Pemba, na nimepewa kazi ya kuwaandaa wahadhiri 32 wasomeshe sehemu ya masomo yao mtandaoni kuanzia muhula ujao. Moodle (programu ya kuendeshea masomo mtandaoni) tunayo kwenye seva ya chuo, lakini kozi nyingi humo ni ghala la slaidi tu. Wanafunzi takriban wote wanatumia simu, bando wananunua kidogo kidogo, na wa upande wa Micheweni na visiwani mtandao wao unayumba.

Uongozi unataka semina ya siku tatu mfululizo, baada ya hapo kila mhadhiri aendelee peke yake. Mie sina imani na mpango huo, ila nataka hoja za kupeleka mezani. Mafunzo yapangwe vipi? Seva iwekwe sawa wapi kabla ya kuanza? Na masomo ya kurekodi yafanywe vipi yasimalize bando la mwanafunzi?

---

Maalim_Msanifu

Waalaykumu salaam maalim. Hoja ya kupeleka ni hii: semina ya siku tatu inafundisha vitufe, na vitufe vinasahaulika kabla muhula haujafunguliwa. Mhadhiri anatakiwa amalize mafunzo akiwa na wiki mbili za somo lake mwenyewe zimeshakaa kwenye Moodle, zimejaribiwa kwa simu, na mwanafunzi anaweza kuzifungua. Kama mafunzo hayaachi kitu hicho mkononi, pesa ya posho na chai imekwenda bure.

Siku tatu ni kama saa 18. Usiombe muda zaidi, omba saa hizohizo zitawanywe kwa wiki sita: saa 2 za kukaa pamoja maabara ya kompyuta na saa 1 ndani ya Moodle, kila wiki. Wahadhiri 32 wagawe makundi manne ya wanane, na kila kundi liwe na mtu mmoja wa kusaidia. Zaidi ya wanane, msaidizi anamhudumia aliyekwama na wengine wote wanafungua WhatsApp. Ukiweza, kundi liwe la idara moja. Mtu wa hesabu na mtu wa dini hawasumbuliwi na jambo moja: huyu anahangaika kuandika fomula, yule anahangaika maandishi ya Kiarabu yanayokaa upande usio wake.

Ile saa 1 ya Moodle ndiyo moyo wa mafunzo, usikubali ikatwe. Humo mhadhiri anaingia kama mwanafunzi: anasoma maelekezo, anajibu mjadala, anawasilisha kazi kwa simu, anasubiri alama. Hapo ndipo anapoona mwenyewe kwamba "someni sura ya 3 na mjadili" si maelekezo. Mjadili nini, kwa maneno mangapi, mpaka lini, na nani atajibu?

Wiki ya kwanza, kwenye kile kikao cha pamoja, msifungue kompyuta kabisa. Chukueni karatasi mpige hesabu ya saa. Kwa utaratibu wetu wa Tanzania krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo somo la krediti 10 ni saa 100, na muhula wa wiki 15 unatoa saa 6 na nusu hivi kwa wiki. Ndani ya saa hizo yamo yote: kuhudhuria, kusoma, kuandika, kujitayarisha kwa mtihani. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuacha mihadhara yote kama ilivyo na kuongeza juu yake mijadala, video na mazoezi. Mwanafunzi anaishia kusoma somo na nusu, na anayelaumiwa ni mtandao. Kila kinachoongezwa mtandaoni lazima kitoe kitu darasani.

Wiki ya pili, mpangilio wa wiki moja ya somo: maelezo mafupi juu, kitu cha kusoma au kusikiliza, kitu cha kufanya, kitu cha kukabidhi. Wiki ya tatu kurekodi. Ya nne mijadala, ya tano mazoezi na usahihishaji, ya sita kila mtu anafungua kozi ya mwenzake kwa simu, kwa bando na si kwa waifai ya chuo, na anaandika kila alipokwama.

---

Fundi_wa_Seva

Naongezea upande wa mitambo. Haya yamalizwe wiki mbili kabla ya kikao cha kwanza, maana saa nzima ya mafunzo hupotelea kwenye nywila. Hakikisha kila mhadhiri ameingia kwenye Moodle mapema. Barua ya kubadilisha nywila huwa inakwenda kwenye anwani ya chuo ambayo wengi hawaifungui, basi badilisha anwani hizo kwanza.

Kikomo cha ukubwa wa faili kiko sehemu nyingi na kilicho kidogo ndicho kinachoshinda. PHP (lugha ambayo Moodle imeandikwa kwayo) ikiwekwa bila kuguswa inakubali MB 2 tu kwa faili (upload_max_filesize) na MB 8 kwa mkupuo (post_max_size). Nginx, kama ndiyo programu inayotoa kurasa kwenye seva yenu, nayo ina client_max_body_size, ambayo ikiachwa ni MB 1. Kisha kuna kikomo cha Moodle nzima na cha kozi. Mhadhiri akipakia slaidi za MB 12 zikakataa, atasema Moodle mbovu. Weka MB 64 kotekote na usizidishe, ukifungulia sana watajaza diski kwa video za simu.

Anwani ya Moodle lazima ianze na https. Bila hiyo kivinjari kinazuia maikrofoni, na kile kitufe cha kurekodi sauti ndani ya Moodle hakitafanya kazi. Angalia pia kama cron (inayoamsha kazi za Moodle za kujiendesha zenyewe) inaendeshwa kila dakika. Isipoendeshwa taarifa za mijadala na kazi haziwafikii wanafunzi, na watu wanadhani wenzao wamenyamaza.

Umeme: UPS (betri ya akiba) isiishie kwenye seva, ruta na swichi nazo zichomekwe. Seva iliyo hai nyuma ya ruta iliyozimika haimsaidii mtu. Chelezo za kozi, yaani nakala za akiba (faili za .mbz), ziwekwe diski nyengine, nje ya chumba kile.

Mwisho, tengeneza kozi moja ya kiolezo yenye mpangilio aliousema Maalim_Msanifu na uinakili kwa wote. Mwanafunzi anayesoma masomo sita asitafute kazi za wiki kwa njia sita tofauti.

---

Bi_Sauti

Kuhusu bando, chukua namba hizi uwaoneshe. Darasa la moja kwa moja likitumia megabiti 1 kwa sekunde linakula MB 450 kwa saa. Video iliyorekodiwa na kubanwa mpaka kilobiti 460 hivi kwa sekunde, pamoja na sauti yake, ni MB 35 kwa dakika 10. Sauti peke yake ya kilobiti 64, chaneli moja, ni MB 5 tu kwa dakika hizo 10. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mhadhiri: hapa mwanafunzi anahitaji kuona kitu kikitembea? Kama hahitaji, basi sauti na PDF ya slaidi zinatosha.

Sauti ikiwa mbaya hakuna atakayesikiliza hata kama faili ni dogo. Panka lizimwe, na hili ndilo gumu kwa joto letu. Ule mvumo ambao sikio limeshauzoea, maikrofoni inaubeba wote, na faili likibanwa unakuwa kama maji yanachemka nyuma ya maneno. Ofisi zenye sakafu ya vigae na kuta tupu zinarudisha mwangwi. Afadhali chumba chenye godoro na mapazia mazito. Tumieni maikrofoni ya waya wa simu, ikae shibiri moja kutoka mdomoni na kwa pembeni kidogo, ili pumzi za "p" na "b" zisiipige. Isigusane na kanga wala kola ya kanzu. Mvua ikianza juu ya bati, acha kurekodi.

Rekodi vipande vya dakika 6 hadi 10, kila kimoja hoja moja. Anayekosea kwenye kipande kifupi anarudia dakika chache, hana haja ya kurudia saa nzima. Kubana video tumieni programu ya HandBrake, ni ya bure: mistari 480, fremu 15 kwa sekunde, ubora RF 28, sauti chaneli moja. Maandishi ya slaidi yawe makubwa, pointi 28 kwenda juu, la sivyo kwenye simu hayasomeki. Anayetuma kwa WhatsApp atume kama waraka, maana video ikitumwa kwa njia ya kawaida inabanwa tena na maandishi yanavurugika.

---

Mwinyi_Darasa

Kumradhi, hapa sikubaliani. Mkiondoa darasa la moja kwa moja wanafunzi watapotea. Rekodi inawekwa na haifunguliwi. Kijana wa mwaka wa kwanza anahitaji kumsikia mwalimu wake na kujua kwamba fulani na fulani wapo.

---

Maalim_Msanifu

Mwinyi, una haki, na mie sikusema liondolewe. Nasema lisitumike kusoma slaidi. Liwe dakika 40 kwa wiki, kamera zimezimwa, sauti na slaidi tu. Hapo matumizi ni kama MB 50 hadi 80 kwa saa. Kazi yake iwe maswali yaliyotoka kwenye rekodi: kila mwanafunzi aandike swali moja kwenye Moodle kabla ya kuingia, mwalimu achague matano. Asiyefungua rekodi hana swali, na hilo linaonekana mapema.

Mijadala nayo tumieni aina ile ya Moodle ya maswali na majibu: mwanafunzi haoni majibu ya wenzake mpaka aandike lake na muda wa kuhariri upite, kwa kawaida dakika 30. Inapunguza sana kunakiliana. Tena mwalimu aonekane humo angalau siku mbili za wiki zinazojulikana. Asijibu kila mtu, akusanye hoja na arudishe swali.

Saa ya darasa la moja kwa moja isigongane na magharibi, na Ramadhani ipangwe upya. Msimu wa karafuu wanafunzi wengi wako mashambani mchana, kwa hiyo siku za kukabidhi kazi zisiwe finyu.

---

Mratibu_Chake

Ahsanteni sana, hapa nimepata mengi. Bado mawili. Majaribio yenye alama tutayafanyaje na umeme huu? Na wiki sita zikimalizika, wahadhiri wawe wanasaidiwa na nani?

---

Mtahini_Wete

Jaribio la mtandaoni lenye alama nyingi usilianze muhula wa kwanza. Anza na madogo ya kila wiki.

Programu ya simu ya Moodle inaruhusu kufanya zoezi bila mtandao, lakini kwa masharti: mhadhiri awashe ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya zoezi, zoezi lisiwe na kikomo cha dakika, na maoni yatolewe baada ya kumaliza tu. Mtu akiweka dakika 20 halafu akashangaa ruhusa ya nje ya mtandao haifanyi kazi, sababu ni hiyo. Mwanafunzi anapakua akiwa chuoni, anafanya nyumbani, anarudisha majibu akipata mtandao. Lifunguliwe siku tatu, na waambiwe wasingoje saa ya mwisho kurudisha.

Kwa lenye kikomo cha muda, chagua majibu yakabidhiwe yenyewe muda ukiisha. Moodle huhifadhi majibu kila baada ya dakika moja hivi, kwa hiyo umeme ukikatika hayapotei mengi, ila saa haisimami. Kuna sehemu ya kumpa mtu mmoja muda wa ziada, wahadhiri wafundishwe hiyo kwa vitendo, wataihitaji. Benki ya maswali iwe na angalau mara tatu ya yanayotolewa: kama zoezi lina maswali 10, tunga 30 na yachaguliwe kwa bahati.

Insha za nyumbani sasa zinaandikwa na programu za akili bandia. Dawa iliyo karibu ni kudai kitu cha hapa: bei za samaki Wete za wiki hiyo alizoziandika mwenyewe, au mahojiano na mkulima wa mwani, kisha dakika 5 za maswali kwa simu kwa wachache waliochaguliwa.

---

Maalim_Msanifu

La pili nalijibu mie. Kila idara chagueni mhadhiri mmoja aliyefanya vizuri, apunguziwe somo moja muhula huo na apewe saa mbili za wiki zinazojulikana, chumba kinachojulikana. Usimpe kazi hii bila kumpunguzia mzigo, ataiacha ikifika wiki ya tatu, na hana kosa. Kazi ya kutayarisha kozi iingie kwenye tathmini ya mwaka ya mhadhiri, hili liandikwe rasmi.

Na kabla ya yote, uongozi utoe waraka wa ukurasa mmoja: rekodi ni mali ya nani, itakaa muda gani, na je, chuo kinaweza kuitumia mhadhiri akishaondoka. Wahadhiri wakubwa wengi wanaokataa kurekodiwa, ukiwauliza vizuri, wanataka jibu la hapo tu.

---

Mratibu_Chake

Nimeelewa. Waraka wa rekodi naupeleka kwanza, halafu jedwali la wiki sita.