Mbona Japani ya 1945 iliacha ubabe wa kivita, Ujerumani ya 1918 haikuacha?

Msaka_Nyaraka: Wakuu, zote mbili zilipigwa, zote zikabanwa silaha. Mjerumani akarudi vitani baada ya miaka 21, Mjapani mpaka leo bado. Tofauti iko wapi? Msinijibu "bomu la atomiki" tu.

Ramani_Kuukuu: Angalia vita viliishia wapi. Novemba 1918 majeshi ya Ujerumani yalikuwa bado Ufaransa na Ubelgiji. Raia wa Berlin aliijua njaa, mabomu hakuyaona, kwa hiyo uongo wa "tulisalitiwa nyumbani" ukapata wanunuzi. Hata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, yule wa vita vya Tanga, alisalimu amri Abercorn (Mbala ya leo, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, halafu Machi 1919 akapita lango la Brandenburg kwa gwaride kama mshindi! Tokyo ni habari nyingine: usiku wa kuamkia 10 Machi 1945, moto wa ndege za Marekani za B-29 uliua watu wapatao 100,000. Aliyenusurika pale umwambie jeshi lilimlinda?

Kifungu_Tisa: Sawa, ila kipigo peke yake hakitoshi. Mkataba wa amani wa Versailles (1919) uliwaachia Wajerumani askari 100,000 pamoja na maofisa wazoefu, mbegu ikabaki. Japani, wizara za jeshi la nchi kavu na la majini zilifutwa. Kuanzia 1 Desemba 1945 kazi iliyobaki ni kuwarudisha askari makwao. Watu kama 200,000 walizuiwa kushika nyadhifa. Shuleni vitabu vipya havikuwepo, basi wanafunzi wakapewa brashi na wino, wafute wenyewe mistari ya kusifu vita. Ukurasa uliokaririshwa mwaka jana unaupaka weusi leo, mwalimu yule yule kakusimamia.

Msaka_Nyaraka: Yote hayo si amri za Marekani?

Kifungu_Tisa: Mwanzoni, ndiyo. Lakini Korea ilipowaka Juni 1950, Marekani hiyo hiyo ikaagiza kiundwe kikosi cha polisi wa akiba 75,000, ambacho 1954 kilizaa Jeshi la Kujilinda. Ilipomshinikiza Waziri Mkuu Yoshida aongeze askari zaidi, alijikinga na katiba waliyomwandikia wao, ambayo Kifungu chake cha 9 kinakataa vita na majeshi; fedha akazielekeza viwandani. Na kufuli la katiba hiyo ni gumu: marekebisho yanataka theluthi mbili ya kila baraza la Bunge, kisha kura ya wananchi. Tangu 3 Mei 1947 halijabadilishwa neno. Ndiyo maana 2014 serikali ilipita dirishani, ikakitafsiri upya Kifungu cha 9 bila kukigusa.