Tupeane uzoefu: waliowahi kulala kwenye vibanda vya wachungaji Uingereza

Mama Wawili: Wakuu, habari za kutwa. Pasaka hii watoto wanabaki kwa shangazi yao, mimi na mzee tunataka kupumua. Nimeona vile vibanda vya mabati vyenye magurudumu ya chuma, vya watu wawili. Bei si ya kitoto. Mliokwenda, semeni ukweli: starehe, au tunaenda kulala kwenye kontena?

Mwana Pangani: Kontena wapi, dada! Sisi tulikwenda Dorset. Ndani mbao tupu, sinki, friji ndogo, jiko la gesi, bafu la maji moto, shuka safi. Na kona moja lile jiko la chuma la kuni, ndilo lenye nyumba. Ukilishindilia kuni, saa nne usiku mko Dar mwezi wa pili, saa kumi alfajiri mko Njombe mwezi wa saba. Tia moja moja, zikishika punguza hewa. Na kabla ya kulala hakikisheni king'ora cha hewa ya sumu kinafanya kazi.

Mzee wa Zizi: Mnalipia kibanda alimokuwa akilala mchungaji kwa shida! Kondoo wakianza kuzaa, farasi walikikokota kibanda hadi malishoni, mtu akakesha humo wiki kadhaa. Ule mlango wa vipande viwili una maana yake: cha juu wazi asikie kondoo, cha chini kimefungwa. Mwanakondoo aliyefiwa na mama aliwekwa karibu na jiko. Hata David Cameron, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alinunua chake 2017, pauni 25,000, akakiweka bustanini aandikie kitabu.

Bi Mkubwa Leeds: Historia baadaye. Dada, ulizia choo kabla hujalipa! Kuna vyenye choo ndani, hatua mbili kutoka kitandani, ukuta mwembamba, mwenzio anasikia kila kitu. Vingine kiko nje, uvuke nyasi zilizolowa usiku na tochi mkononi. Mimi nachagua nje, ndoa yangu naipenda. Beba gambuti.

Mwana Pangani: 😂😂 Kweli tupu. Halafu shemeji ana urefu gani? Vitanda vingi vimewekwa kwa upana wa kibanda, miguu inagonga ukuta.

Mama Wawili: Futi sita na inchi tatu. Ngoja nimwandikie mwenye kibanda sasa hivi, kitanda kwanza, choo pili.