Nataka kuhama Kent (Washington) niende Cedar Rapids, Iowa na familia. Wenye uzoefu naomba ushauri

mtoto_wa_Chumbageni

Habari zenu wanajamvi, poleni na majukumu.

Niende moja kwa moja. Naishi Kent, kusini ya Seattle, na mke wangu na watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo bado hajaanza shule. Grini kadi tunazo, tuliingia kwa bahati nasibu. Mimi napakia mizigo uwanja wa ndege wa SeaTac, mama watoto anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee ya Mkenya mmoja. Ukimtajia mtu wa Tanga mshahara wetu anaona tumeshatoboa maisha. Ukweli ni kwamba tarehe moja ikishapita, mimi na mwenzangu tunabaki kutazamana. Kodi ya vyumba viwili ni dola 2,150 na barua ya kupandishiwa imeshafika. Deikea ya mdogo tuliulizia bei tukacheka. Kwa hiyo yeye mchana, mimi usiku, tunakabidhiana mtoto mlangoni kama walinzi wanaopokezana lindo.

Sasa kuna jamaa nilisoma naye, yuko Cedar Rapids. Vyumba viwili analipa 1,050. Majuzi katuma picha ya nyumba anayotaka kununua: gereji, uwanja wa nyuma, na chumba kizima chini ya ardhi. Mke wangu kaiangalia ile picha mpaka simu ikazima.

Ninachotaka kujua: kazi zinapatikana kweli au jamaa ananivuta nikamsindikize upweke? Sisi ni Waislamu, kuna msikiti na madrasa ya maana? Mke wangu hajui kuendesha gari, ataishije? Na hiyo baridi, hapa Seattle mvua tumeizoea, ila theluji tunaiona mara moja moja.

Naomba kuwasilisha.

Mchokozi_II

Mkuu unaacha bahari unaenda kuishi kwenye shamba la mahindi 😂 Nipo hapa, nasoma komenti.

MamaNaila_CR

Wa alaykum salaam kwa wote. Mimi niko Cedar Rapids na watoto wangu watatu, mume ni mtu wa Mombasa, mimi Unguja. Kaka yangu, nitakwambia ninavyokuona.

Kwanza shika kalamu, maana watu wengi wanapiga hesabu ya kodi wanaishia hapo. Kodi yako itapungua dola 1,100 kwa mwezi, sawa. Lakini SeaTac ina kima chake cha chini kwa watu wa uwanja wa ndege, kinazidi dola 20 kwa saa. Iowa kima cha chini ni 7.25 na hakijaguswa tangu 2008. Usiogope, viwandani hakuna anayelipa hivyo, lakini kushuka utashuka. Tuseme wewe unashuka dola 3 kwa saa na mkeo 4. Kwa saa 160 za mwezi, wewe umepoteza 480 na yeye 640. Jumla 1,120. Unafuu wote wa kodi umeliwa, na gari la pili bado hujanunua. Tena Washington haikati kodi ya jimbo kwenye mshahara, huku asilimia 3.8 inaondoka hata hujaiona. Kinachopungua dukani ni kidogo: kodi ya mauzo kwenu inapita asilimia 10, hapa ni 7.

Sasa utaniuliza, basi mbona hamuondoki? Kwa sababu ya nyumba. Ukija huku ukabaki mpangaji miaka yote, umebadilisha baridi tu. Ukija na nia ya kununua, ukatunza historia yako ya mkopo, mtu wa kipato cha kiwandani anapewa funguo. Huko mliko, hilo mnalijua wenyewe.

Dini usiwe na wasiwasi. Huu mji una msikiti uliojengwa 1934 na wahamiaji wa Kiarabu waliotoka Syria na Lebanon, wenyewe wanauita Mother Mosque, na ndio jengo la zamani kuliko yote Marekani lililojengwa liwe msikiti na bado limesimama. Kuna kituo kikubwa zaidi cha Kiislamu ambako watoto wanasoma. Na kuna makaburi ya Waislamu tangu 1948. Mtacheka nikitaja makaburi, lakini anayejua michango tunayopitisha ya kusafirisha maiti hatacheka.

Mchokozi_II

Sijacheka dada.

Bukavu243

Jambo ndugu. Miye niko Mukongo, mutoto wa Bukavu, niko hapa Cedar Rapids tangu 2016. Siye tuko wengi sana huku, wengine hapa, wengine Iowa City na Coralville. Wengi tulikuja na loterie kama weye. Ku masomo ya batoto Kiswahili kinasikika, mutoto yako hatakuwa peke yake. Mwanzo batamucheka kwa Kiswahili yake ya Tanga, kisha atasema kama sisi 😀

Kazi haikosekane. Kuko Quaker, kuko General Mills, viwanda ya nafaka, kuko magala, kuko hospitali kubwa ya chuo kikuu pale Iowa City. Ila kazi ya kwanza watakupatia usiku, na kupitia ajensi, haina bima. Uvumilie, kisha utafute ya moja kwa moja.

Motokari ni lazima. Basi ya hapa siku ya Mungu (Jumapili) haitembee kabisa. Kama bibi yako hajui kuendesha, aanze kujifunza huko huko sasa, musingojee theluji.

mtoto_wa_Chumbageni

Shukrani sana dada MamaNaila, ile hesabu nimemsomea mama watoto, kanyamaza. Ndugu wa Bukavu, ubarikiwe.

Maswali mawili. Mke wangu ana cheti cha Washington cha kuhudumia wazee, kitatambulika huko? Na nimesikia Iowa ni nguruwe mtupu, hizo kazi za kiwandani nitaponea wapi?

dereva_wa_I80

Hilo la nguruwe nijibu mimi, napita Iowa kila wiki na lori. Ni kweli, hakuna jimbo linalofuga nguruwe kuwazidi, na viwanda vingi vya nyama ni vya huyo huyo. Waterloo, Columbus Junction, ukifika pale swali si kama utamshika, ni upande gani wa mkanda. Cedar Rapids una nafuu kwa kuwa viwanda vyake vikubwa ni vya nafaka. Ukipita na dirisha wazi siku nyingine mji unanukia nafaka ya kifungua kinywa, tamu kabisa. Kesho yake unanukia kitu ambacho sitakielezea.

Nikuongezee jambo ambalo wengi hawaliangalii. Kuna vimji vya bei rahisi kuliko Cedar Rapids, na vitakuvutia ukianza kuperuzi nyumba. Usiende mji wenye mwajiri mmoja. Perry, Iowa, ni mji wa watu kama elfu nane. Tyson walifunga kiwanda chao cha nguruwe pale Juni 2024, watu wapatao 1,300 wakabaki bila kazi. Umenunua nyumba, kiwanda kimefungwa, nyumba unamuuzia nani? Wenzako wote wanauza. Cedar Rapids una watu zaidi ya 137,000 na kazi za aina nyingi, Iowa City iko kama kilomita 40 tu. Mmoja wenu akikosa huku atapata kule.

nesi_wa_Nakuru

Ndugu, kuhusu cheti cha mama. Inategemea kimeandikwaje. Kama ni HCA (Home Care Aide, mhudumu wa nyumbani), hicho ni cha Washington na kinaishia Washington, hata kama alisoma yale masaa 75. Kama ana NAC, hiyo ni CNA (cheti cha msaidizi wa nesi) kwa jina la huko, na anaweza kuomba Iowa wamuingize kwenye rejista yao bila kusoma upya. Kwa hivyo kama hana, nawaambia kama dada yenu, afanye NAC kabla hamjafunga mizigo. Akifika huku na HCA pekee ataanza tena kozi ya masaa 75, na wakati huo wote mko na mshahara mmoja.

Na asikubali nyumba ya wazee ya kwanza itakayompigia. Zote zinatafuta watu. Aulize usiku anapewa wazee wangapi peke yake. Mahali nilianzia niliachiwa korido nzima, mzee mmoja akianguka wengine wanabonyeza kengele na hakuna mwenzako wa kumwita. Kama jibu ni kuzungukazunguka, aage kwa heshima. Wikendi na usiku kuna nyongeza ya malipo, hapo ndipo zile dola 4 za MamaNaila zinaweza kurudi.

Kipara_Returns

Naona wote mnamvuta. Mimi niliishi Quad Cities, ile miji ya mpakani mwa Iowa na Illinois, upande wa Moline, nikarudi Texas. Sina ubaya na watu wa kule, wapole, watakusukumia gari bila kukujua. Lakini tuseme ukweli.

Januari 2019 Moline ilishuka mpaka 36 chini ya sifuri, kwa selsiasi. Ukitoka nje na ndevu zina maji, zinaganda. Kufuli ya gari inaganda. Betri ambayo Oktoba ilikuwa nzima inakufa asubuhi ya zamu. Na hiyo ndiyo sehemu rahisi, maana nguo zinanunulika. Shida ni kuanzia Novemba mpaka Machi: unatoka kazini giza, unaingia ndani, jirani humuoni. Mke wangu alikuwa na wifi zake na baraza lake Houston. Kule alikaa ndani na mtoto akiangalia dirisha. Mume unaona umefanikiwa kwa sababu unatoka, unaenda kazini, unapiga soga. Mwenzako asiyeendesha gari amefungwa.

Ushauri wangu: usiende kuangalia mji Juni, Juni kila mahali pazuri. Nenda Januari. Peke yako, wiki moja, lala kwa huyo jamaa yako, amka naye alfajiri akienda kazini. Na ukirudi, mke naye aende bila wewe. Asiangalie nyumba, aangalie watu.

MamaNaila_CR

Kipara umesema kweli, na hilo la mke aende peke yake sikuwahi kulisikia kwa mwanamume 😄 Kaka, afikie kwangu.

Wanawake wa hapa tuna kikundi, Wazanzibari wachache, Wakenya, Wakongo wengi, na kina mama wa Kisudani wa Iowa City. Tunashikana kwa mchele wa harusi, kwa uzazi na kwa msiba. Lakini hakuna anayekuja kukutoa nyumbani kila siku, hivyo leseni, leseni, leseni. Na hata mwenye leseni ya Tanzania haimwondolei mtihani.

Mengine ya haraka. Kabla ya kusaini mkataba uliza nyumba inapashwa moto kwa gesi au kwa umeme. Apatimenti ya bei poa yenye hita za umeme ukutani itakulipisha tofauti yote Februari. Usitume depoziti kwa mtu wa mtandaoni kabla ya huyo jamaa yako kuingia ndani ya chumba kwa miguu yake. Mkishahama, mna siku 10 kuwajulisha uhamiaji anwani mpya, fomu ni AR-11, inajazwa mtandaoni bure, kila mtu kivyake hata mtoto. Wenye kesi za ukimbizi mahakamani wana siku 5 tu na fomu yao ni nyingine, nalisema kwa watakaosoma uzi huu baadaye. Kesi zao zikihamia Iowa zinasikilizwa Omaha.

Na hiki chumba cha chini ulichokiona kwenye picha si pambo. Ving'ora vya tahadhari ya kimbunga vikilia mnashuka huko. Agosti 10, 2020 upepo ulitupiga hapa, derecho wanaiita, miti ya mji mzima ikalala, umeme ukakatika siku nyingi, na familia za wakimbizi zikalala kwenye mahema nje ya apatimenti zilizoezuliwa. Umeme ukikosekana, unga unapikwa kwa jiko la mkaa, jiko hilo liliokoa wengi. Nunua.

Mchokozi_II

Huo unga wenyewe upo? Si wanalima mahindi kuliko jimbo lolote.

Bukavu243

Ile mahindi ni ya nguruwe na ya etanoli, ndugu. Unga nyeupe iko ku maduka ya Waafrika, hata ya Wamexico. Sombe (kisamvu) iko, dagaa ziko. Bei ya dagaa usiulize.

mtoto_wa_Chumbageni

Wakuu, nimesoma yote, na mama watoto kasoma mwenyewe bila mimi kumchagulia. Tumefikia hapa: ana HCA, kwa hiyo anaanza kuulizia NAC wiki hii na mimi nabadilisha zamu nikae na mdogo. Jumapili tunaanza mazoezi ya gari kwenye maegesho ya kanisa la jirani, jioni wakishatoka. Mwenye nyumba nitamwomba mkataba wa miezi sita, akikataa nitalipa hiyo nyongeza ya mwezi kwa mwezi. Januari naenda mimi, Februari anaenda yeye kwa dada MamaNaila. Akirudi akisema hapana, tunatafuta Spokane, mashariki ya jimbo hili hili, au popote, sitambishia.

Dada, nimekutumia ujumbe pembeni kuhusu madrasa. Kipara, koti ulilokuwa unavaa Moline lilikuwa la aina gani? Ya huku naona ni ya mvua tu.

Kipara_Returns

Ninalo bado, liko kwenye begi. Texas silivai. Nitumie anwani, utalipia posta.