Mjadala: Barafu ya Greenland iliwahi kuwa ndogo kuliko leo. Je, pwani zetu zitulie?

Mtoa mada: Wakuu, matope ya chini ya maziwa ya kusini na magharibi mwa Greenland yanaonyesha kwamba takriban miaka 5,000 hadi 3,000 iliyopita, sehemu nyingi za ukingo wa barafu zilikuwa nyuma ya zilipo leo. Viwanda havikuwepo. Kama ilipungua ikarudi yenyewe, kwa nini Dar es Salaam na Mombasa zigharamie kuta za bahari? Nataka hoja zenye data.

Nanga: Mkuu, tarehe sizipingi, napinga unavyozisoma. Ziwa lililo karibu na ukingo wa barafu hujibu swali moja tu: maji ya barafu yanamwagika humu au la? Barafu ikivuka mgongo wa ardhi na kuingia kwenye bonde la ziwa, unga wa mawe yaliyosagwa na barafu hushuka na tope huwa la kijivu. Ikirudi nyuma ya mgongo, maji hukimbilia kwingine, likabaki tope la kahawia lenye mabaki ya viumbe. Iwe imerudi kilomita 1 au 40, kahawia ni ile ile! Kwa hiyo ziwa moja halikupi ujazo wa barafu. Hupimwa maziwa kadhaa yaliyo umbali tofauti na ukingo.

Na chanzo cha joto lile kinajulikana: mkao wa dunia kwenye mzunguko wake uliipa kaskazini jua kali zaidi la kiangazi. Jua hilo lilipungua polepole kwa maelfu ya miaka, barafu ikakua tena. Gesi tunazomwaga leo hazipungui hivyo.

Chekeche: Niongeze kuhusu tarehe. Ukipima radiokaboni (kaboni yenye mionzi inayoonyesha umri) ya tope zima, unachanganya kaboni kongwe iliyosombwa kutoka udongoni, na umri unatoka mkubwa kuliko halisi. Osha tope kwenye chekeche ya maikromita 125, okota kwa koleo vijani vya mimea ya nchi kavu. Miligramu chache zinatosha. Mwani na mimea mingine ya majini viache, hasa penye mawe ya chokaa. Kosa jingine: bomba zito la pistoni la kuchotea tope huvuruga tope laini la juu, yaani miaka hii hii tunayobishania. Lazima ushushe pia bomba fupi la uzito, kisha upime risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi. Nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni miaka 22 hivi, kwa hiyo inafika kama miaka 100 hadi 150 nyuma, basi.

Mtoa mada: Tuache maziwa. Matope ya fiodi (ghuba nyembamba ya bahari) ya Sermilik, kusini-mashariki mwa Greenland, utafiti uliotoka 2012, yanaonyesha barafuto (mto wa barafu) ya Helheim ilimeguka sana mwishoni mwa miaka ya 1930, kama ilivyofanya 2000 hadi 2005. Ikatulia.

Chekeche: Kweli, na utafiti huo ulitumia mabomba matatu kwa sababu nzuri. Kumeguka huhesabiwa kwa mchanga uliobebwa na siwa barafu (pande la barafu linaloelea), nao huanguka pale linapoyeyukia, si lilipomegukia. Poromoko moja chini ya maji laweza kutandaza mchanga mnene kwa saa chache. Piga eksirei kwanza. Tabaka lenye chembe kubwa chini na ndogo juu litoe kwenye hesabu.

Nanga: Halafu tazama kasi. Helheim iliitikia joto la hewa na maji ya Atlantiki ndani ya miaka michache. Ukuta wa bahari huchukua miaka mingi kupangwa na kujengwa. Greenland ina barafu ya kuinua bahari takriban mita 7. Ikipungua, mvuto wake hupungua pia: maji ya karibu nayo hushuka, na pwani za mbali kama zetu hupata zaidi ya wastani.

Mtoa mada: La ujazo na la mvuto nimekubali. Lakini wahandisi wapewe makadirio ya chini na ya juu pamoja, si namba moja.