Tupeane uzoefu: shahada yako imekufikisha wapi, na wadogo zetu tuwaambieje?

Kalamu Nyeusi: Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu kamaliza sekondari na kagoma kwenda chuo. Anasema kila atakachofundishwa kipo kwenye simu, na kabla hajahitimu akili mnemba itakuwa imeshabeba hiyo kazi. Jibu la kumtosha sina. Wenye shahada na wasio nayo, tupeane uzoefu.

Mzee wa Usiku: Yangu iko kwenye bahasha. Hakuna aliyewahi kuiulizia.

Mama Vitabu: Umenitonesha kidonda. Nilikuwa karani wa hesabu, sina shahada, kazi nilijifunzia kazini. Mwisho wa mwezi daftari la fedha lisipokubaliana na taarifa ya benki, faili linaletwa kwangu. Akaajiriwa kijana aliyetoka chuo, msikivu, nikamkalisha pembeni yangu nikamwonyesha kila kitu: hundi ambazo hazijapita benki, makato ambayo hayajaandikwa, tarakimu zilizobadilishana nafasi. Hata ile ya kwamba tofauti ikigawanyika kwa tisa, anza kutafuta kwenye hizo tarakimu zilizobadilishana. Ikatangazwa nafasi ya mkuu wa kitengo. Mstari wa kwanza: shahada ni lazima. Nikaomba hivyo hivyo, hata usaili sikuitwa. Akapewa yeye. Jumatatu akaja na faili mezani kwangu, "Dada, hii tofauti inanishinda." Nikamsaidia, kisha nikaenda chooni nikalia.

Zawadi ya Asubuhi: Aisee. Pole sana dada.

Mtu wa Takwimu: Mchumi Michael Spence aliliandika hili mwaka 1973, na 2001 akawa mmoja wa waliopewa Nobel ya uchumi: mwajiri haujui uwezo wako kabla ya kukuajiri, kwa hiyo anatazama cheti kama ishara. Kinachoniuma kwenye kisa cha dada ni kwamba wao walishamwona akifanya kazi. Ishara ya nini tena?

Jembe Halilali: Ndiyo maana mambo yanabadilika. Kampuni ya kompyuta ya IBM wameondoa sharti la shahada kwenye nafasi nyingi Marekani. Serikali ya jimbo la Maryland nayo ikaliondoa 2022 kwenye maelfu ya kazi zake. Dogo asome mtandaoni, aanze kazi.

Mwalimu Mstaafu: Kwenye tangazo limeondoka. Kwenye kichwa cha anayekusaili bado lipo.

Jembe Halilali: Mwalimu unatetea chuo tu. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa hii akili mnemba, alisema tuache kufundisha madaktari wa kusoma picha za mionzi, ndani ya miaka mitano mashine itawazidi.

Mwalimu Mstaafu: Miaka mitano imepita na madaktari hao bado wanatafutwa. Kijana aliyeacha fani hiyo kwa kusikia maneno yale, nani atamlipa? Na Hinton mwenyewe ana shahada ya uzamivu ya Edinburgh.

Jembe Halilali: Ya 1978! Dunia nyingine kabisa ile.

Zawadi ya Asubuhi: Ninyi wawili sogeeni pembeni kidogo. Dada wa hesabu, ikawaje baada ya hapo?

Mama Vitabu: Niliondoka. Sasa nasoma jioni. Hesabu naijua, lakini sheria ya kodi na ukaguzi ndiyo kwanza navielewa. Kazini niliambiwa "jaza hapa" bila kuambiwa sababu. Kalamu, mwambie aende. Ila aanze kazi kwanza, aingie darasani na maswali yake.

Mzee wa Usiku: Mimi nasema asiende. Ajifunze ufundi umeme. Hizo mashine zote zinahitaji mtu wa kuzivutia waya.

Mtu wa Takwimu: Kalamu, hujatuambia dogo anapenda nini. Kama ni udaktari tunapoteza muda hapa, bila chuo hapati leseni.

Kalamu Nyeusi: Anapenda majengo. Anachora ramani za nyumba kwenye kompyuta usiku kucha.

Mwalimu Mstaafu: Kuchora au kusanifu? Kuchora, kozi fupi na bidii vinatosha. Kusanifu, nchi nyingi hazimruhusu mtu kujiita msanifu majengo bila kusajiliwa, na njia ya kawaida ya kufika kwenye usajili ni chuo. Muulize leo hii anataka lipi, halafu rudi hapa.